Namba ya PSA inasema nini, na inanyamaza wapi

Tukisikia "mzee ana tezi dume" tunaelewa kwamba mzee anaumwa. Lakini tezi dume si ugonjwa. Ni kiungo, na kila mwanamume amezaliwa nacho kama alivyozaliwa na ini na figo. Kimekaa chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya njia ya haja kubwa, na mrija wa mkojo unapita katikati yake kama uzi upitavyo kwenye ushanga. Kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume.

Mazoea hayo ya lugha yanaumiza watu, kwa sababu yanatia katika gunia moja mambo matatu yasiyofanana: tezi kutanuka kwa umri, tezi kushikwa na maambukizi, na saratani. Mwanamume anayeamka mara nne usiku kukojoa anaogopa kwamba anakufa. Jirani yake anayekojoa vizuri kama kijana anaamini yuko salama. Wote wawili huenda wamekosea, na sababu iko kwenye ramani ya kiungo chenyewe. Kutanuka kwa umri huanzia sehemu ya ndani, palepale mrija unapopita, ndiyo maana mkojo hukatika, huchelewa kuanza au huacha hisia kwamba haujaisha. Saratani kwa kawaida huanzia sehemu ya nje, mbali na mrija, na inaweza kukaa miaka mingi bila kumgusa mtu kwa dalili yoyote. Tena, kutanuka hakugeuki kuwa saratani. Ni magonjwa mawili yanayoweza kukaa katika kiungo kimoja bila moja kuzaa lingine.

Kuhusu kutanuka, utafiti umetupa mengi ya kushukuru. Mwaka 1974 wanasayansi walieleza hali ya watoto wa kiume katika Jamhuri ya Dominika waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa homoni kali zaidi. Watoto hao walipokua wanaume, tezi dume zao zilibaki ndogo. Hapo ndipo lilipopatikana wazo la kutengeneza dawa ya kuzuia kimeng'enya hicho, na dawa hiyo, finasteride, ikaanza kutumika mwaka 1992. Mwaka 2003 utafiti wa Marekani uitwao MTOPS, wenye wanaume 3,047, ulionyesha kwamba kuiunganisha na dawa ya kulegeza misuli ya shingo ya kibofu kulipunguza kwa asilimia 66 uwezekano wa tatizo kuzidi, ukilinganisha na vidonge visivyo na dawa. Leo wagonjwa wengi wa kutanuka hutibiwa kwa vidonge, na upasuaji hubaki kwa wale ambao vidonge havikuwafaa au mkojo umewafunga kabisa.

Saratani ndiyo iliyowasumbua watafiti, na kiini cha usumbufu huo ni namba moja inayosomwa kwenye damu, ile ya PSA.

Kipimo cha tezi dume

PSA ni protini inayotengenezwa na seli za tezi dume, ziwe nzima au zenye saratani. Kazi yake ya asili ni kuyeyusha shahawa zilizoganda ili mbegu zipate kuogelea. Makazi yake ni ndani ya vijifereji vya tezi, na kinachovujia kwenye damu ni kidogo mno, ndiyo maana huhesabiwa kwa nanogramu, yaani sehemu ya bilioni ya gramu, katika kila mililita. Mpangilio wa tezi ukivurugika, huvuja zaidi. Saratani huuvuruga. Lakini UTI nayo huuvuruga, na tezi iliyotanuka huvujisha zaidi kwa sababu tu ni kubwa. Mkojo ukifunga na mtu akawekewa mpira, namba hupanda. Hata kumwaga shahawa siku moja au mbili kabla ya kutolewa damu kunaweza kuisukuma juu.

Finasteride, ile dawa ya kutanuka, huishusha PSA karibu nusu ndani ya miezi kadhaa. Kwa hiyo mtu anayeitumia akipata 3, daktari anapaswa kuisoma kama 6. Wapo wanaume wanaomeza dozi ndogo ya dawa hiyohiyo kuzuia nywele kukatika, na hawamwambii daktari kwa sababu hawaoni uhusiano. Uhusiano upo, na wanapaswa kumwambia.

Kipimo hiki hakikutengenezewa kazi tunayokipa leo. Mwaka 1986 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikiidhinisha kwa ajili ya kuwafuatilia watu ambao tayari wana saratani. Kwa kazi hiyo kinafaa sana: tezi ikishaondolewa yote, PSA inatakiwa kushuka karibu na sifuri, na ikianza kupanda tena, kuna kitu kimebaki mahali. Baada ya tafiti za mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuonyesha kwamba kinaweza kugundua saratani mapema kwa watu wasio na dalili, mwaka 1994 kiliidhinishwa pia kusaidia utambuzi. Mstari ukachorwa kwenye 4. Chini ya hapo mtu anapumua, juu ya hapo anachomwa sindano za kutolewa vinyama, yaani vipande vidogo vya tezi vya kuchunguzwa.

Miaka kumi baadaye mstari huo uliguswa na ukweli. Katika utafiti mkubwa wa Marekani, wanaume 2,950 ambao PSA yao haikuwahi kupita 4 kwa miaka saba, na ambao daktari hakuona tatizo alipoipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, walitolewa vinyama vya tezi. Wanaume 449, sawa na asilimia 15, walikutwa na saratani. Upande wa pili, wengi wa wanaume wenye PSA kati ya 4 na 10 wakitolewa vinyama hawakutwi nayo. Hatari hupanda taratibu kadiri namba inavyopanda, na hakuna ukuta kati ya 3.9 na 4.1. Mtu aliyelia kwa 4.1 na mtu aliyefurahia 3.9 wako mahali pamoja.

Kujua mapema na kuishi zaidi

Swali la pili ni gumu kuliko la kwanza: tukiigundua saratani mapema, je, mtu ataishi zaidi? Jibu linaonekana wazi, na hapo ndipo lilipowapoteza hata wataalamu.

Chukua mwanamume ambaye saratani yake itamuua akiwa na miaka 75. Asipopimwa, ataanza kuumwa mifupa akiwa na 72, atagundulika, na ataishi miaka mitatu. Akipimwa PSA akiwa na 65, atagundulika mapema, na kama matibabu hayakubadilisha chochote, atakufa akiwa na 75 vilevile. Lakini kwenye takwimu ataandikwa kuwa ameishi miaka kumi na saratani badala ya mitatu. Amepata miaka saba ya kujua, hajapata hata siku moja ya kuishi. Ndiyo sababu takwimu za "waliopona baada ya miaka mitano" haziwezi peke yake kuthibitisha kwamba uchunguzi wa mapema unaokoa maisha.

Kuna mtego mwingine. Wanaume waliokufa kwa ajali au kwa magonjwa ya moyo, miili yao ilipochunguzwa, wengi walikutwa na saratani ya tezi dume ambayo hakuna aliyejua ipo. Kwa waliofikia miaka 80 ni zaidi ya nusu. Saratani hizo hazikuwaua wala kuwasumbua. Ukizigundua nyingi za namna hiyo na kuzitibu, utapata orodha ndefu ya "waliopona", na kila mmoja wao alikuwa atapona bila wewe.

Njia ya kukata mzizi wa swali hili ni kugawa wanaume wengi kwa bahati nasibu, kundi moja lialikwe kupimwa na lingine lisialikwe, kisha kuhesabu waliokufa kwa saratani ya tezi dume kila upande. Tafiti mbili kubwa zilifanya hivyo, na matokeo yake ya kwanza yalichapishwa siku moja, katika toleo moja la jarida, mwezi Machi 2009. Moja ilisema uchunguzi unaokoa. Nyingine ilisema hausaidii.

Ile ya Ulaya, ERSPC, iliandikisha zaidi ya wanaume 160,000 wa miaka 55 hadi 69. Vifo vilipungua kwa asilimia 20 katika kundi la walioalikwa. Hata hivyo bei yake ilikuwa kubwa: ilibidi kualika wanaume 1,410 na kuwatibu 48 wa ziada ili kuzuia kifo kimoja. Ile ya Marekani, PLCO, yenye wanaume wapatao 76,700, haikuona tofauti ya vifo. Madaktari wakagawanyika, kila mmoja akishika utafiti unaomfaa. Mwaka 2012 jopo la kitaifa la Marekani linaloshauri kuhusu kinga likapendekeza wanaume wasipimwe PSA kabisa kama uchunguzi wa kawaida.

Baadaye ilibainika kwamba katika ile ya Marekani, karibu asilimia 90 ya wanaume wa kundi lisiloalikwa walikuwa wamejipima PSA wenyewe, kabla au wakati wa utafiti. Hawakuwa wakilinganisha waliopimwa na wasiopimwa. Walikuwa wakilinganisha waliopimwa kwa ratiba na waliopimwa bila ratiba. Kwangu hili ni funzo kubwa kuliko matokeo yenyewe: utafiti unaweza kufanywa na watu waaminifu, kwa idadi kubwa, na bado ukajibu swali ambalo hukuuliza.

Ile ya Ulaya nayo iliendelea kuhesabu. Saratani hii huenda polepole, hivyo faida ya kuigundua mapema huchelewa kuonekana. Baada ya miaka 23 ya ufuatiliaji, hesabu ya wanaume 1,410 ilikuwa imeshuka hadi 456 walioalikwa, na wale 48 wakawa 12 waliogunduliwa, kwa kila kifo kimoja kilichozuiwa. Kwa asilimia, vifo vilikuwa pungufu kwa 13. Namba hizi hazipingani. Asilimia inalinganisha makundi mawili, na idadi ya walioalikwa inaonyesha ni watu wangapi halisi wanaobeba mzigo ili mmoja aokoke. Tangazo likikupa asilimia peke yake, dai na hiyo nyingine. Jopo la Marekani lenyewe lilibadilisha ushauri wake mwaka 2018: wanaume wa miaka 55 hadi 69 waamue mmoja mmoja baada ya kuzungumza na daktari.

Ni mzigo gani huo?

Utafiti ninaotamani kila familia iusikie kabla ya kusaini fomu ya upasuaji ni ule wa Uingereza uitwao ProtecT. Wanaume 1,643 waliogunduliwa kwa PSA, saratani ikiwa bado ndani ya tezi, walikubali kugawanywa kwa bahati nasibu katika njia tatu: kuondolewa tezi yote, kupigwa mionzi, au kufuatiliwa kwa vipimo bila kutibiwa mara moja. Fikiria ujasiri wa kukubali jambo hilo ukiwa umeambiwa siku chache nyuma kwamba una saratani.

Baada ya miaka 15, waliokufa kwa saratani ya tezi dume walikuwa 45 tu, yaani asilimia 2.7, na hapakuwa na tofauti ya maana kati ya njia hizo tatu. Wengi zaidi walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine. Tofauti ilikuwa kwenye kusambaa: katika kundi la ufuatiliaji, asilimia 9.4 saratani ilisambaa, dhidi ya 4.7 kwa waliopasuliwa na 5.0 kwa waliopigwa mionzi. Na karibu asilimia 61 ya waliofuatiliwa waliishia kutibiwa wakati fulani. Kufuatiliwa si kusahauliwa, wala si hakikisho.

Sasa upande wa pili wa mizani. Kabla ya matibabu, asilimia 67 ya wanaume hao walikuwa na nguvu za kiume za kutosha kwa tendo la ndoa. Miezi sita baadaye, kwa waliopasuliwa walibaki asilimia 12, kwa waliopigwa mionzi 22, na kwa waliofuatiliwa 52. Waliopasuliwa ambao walihitaji kuvaa pedi kwa sababu ya kuvuja mkojo walikuwa asilimia 46 katika miezi hiyo sita. Wengi walipata nafuu, lakini miaka sita baadaye bado asilimia 17 walikuwa wakizivaa. Haya si mambo ya kumnong'oneza mgonjwa korido. Ni sehemu ya uamuzi, na mke wake ana haki ya kuyasikia pia.

Kuna utafiti wa nchi za Skandinavia unaoonekana kupingana na huu. Wanaume 695, upasuaji dhidi ya kusubiri tu, wakifuatiliwa kwa miaka 29: waliopasuliwa walipata kwa wastani miaka 2.9 zaidi ya maisha. Lakini wengi wa wanaume hao hawakugunduliwa kwa PSA. Saratani zao zilikuwa zimeshakua kiasi cha kujionyesha, na kundi la kusubiri halikufuatiliwa kwa lengo la kutibiwa mapema. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mtu mmoja ana haki ya kuharakishwa na mwingine ana haki ya kungoja. Kinachowatenganisha ni aina ya saratani, na namba ya PSA peke yake haiwezi kuisema.

Anayeisema ni mtaalamu wa hadubini. Tangu miaka ya 1960, kwa kazi ya Mmarekani Donald Gleason, vinyama hupewa alama kwa jinsi seli zilivyopoteza mpangilio wake. Leo alama hizo zimepangwa katika makundi matano. Kundi la kwanza, lile la Gleason 6, ni nadra mno kusambaa likiwa peke yake, hata wapo wataalamu wanaotaka lisiitwe saratani tena. Kundi la tano ni kali. Mgonjwa anayeambiwa "una saratani" bila kuambiwa iko kundi la ngapi ameambiwa nusu ya habari.

Picha kabla ya sindano

Kwa miaka mingi vinyama vilitolewa kwa kubahatisha. Sindano kumi au kumi na mbili ziliingizwa kupitia ukuta wa njia ya haja kubwa, daktari akiona umbo la tezi kwa ultrasound lakini mara nyingi haoni saratani yenyewe. Aliweza kuikosa kabisa iliyo kali, na kuikuta ile ndogo isiyo na madhara. Ndivyo wengi walivyopata matibabu wasiyoyahitaji, na wengine wakakosa waliyoyahitaji, kwa kipimo kilekile.

Mwaka 2017 utafiti wa Uingereza uitwao PROMIS ulilinganisha njia hiyo na picha ya MRI kwa wanaume 576, kisha ukawatoa vinyama vingi mno kila pembe ya tezi ili kujua ukweli. MRI iliona asilimia 93 ya saratani zenye hatari. Sindano za kubahatisha ziliona asilimia 48. Takriban robo ya wanaume wangeweza kuepuka sindano kabisa. Mwaka uliofuata utafiti wa PRECISION, wenye wanaume 500, ulionyesha kwamba kuanza na MRI na kuelekeza sindano palipo na shaka kuligundua saratani zenye hatari kwa asilimia 38 ya wanaume badala ya 26, huku zile zisizo na hatari zikishuka kutoka asilimia 22 hadi 9. Ni nadra katika tiba kupata zaidi kile unachokitafuta na pungufu kile usichokitaka kwa wakati mmoja. Njia ya sindano nayo inabadilika: vituo vingi sasa hupitia ngozi iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa, ili bakteria wa haja kubwa wasiingizwe mwilini.

Na kile kipimo cha kidole, ambacho kimewafanya wanaume wengi wakimbie kliniki? PROBASE, utafiti wa Ujerumani ulioandikisha zaidi ya wanaume 46,000 wa miaka 45, umeonyesha kwamba kama njia ya uchunguzi kwa mtu asiye na dalili kinagundua kidogo mno. Bado kina kazi yake kwa mwenye dalili. Lakini woga wa kidole usimzuie mtu kutoa damu.

Haya yote yanamhusu mwanamume asiye na dalili. Mkojo wenye damu, mkojo uliofunga, au maumivu ya mifupa yasiyoisha si suala la kupima faida na hasara. Huyo aende hospitali. Hata saratani iliyosambaa leo haiachwi. Mwaka 1941 Charles Huggins na Clarence Hodges walionyesha huko Chicago kwamba kuondoa homoni za kiume kunairudisha nyuma, na Huggins akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Tangu 2004 zimeongezwa dawa zinazorefusha maisha, na tafiti za muongo uliopita zimeonyesha kwamba kuzianza mapema pamoja na tiba ya homoni kunampa mgonjwa muda zaidi kuliko kuzisubirisha.

Nani hakuhesabiwa

Kuna jambo linaloniuma katika namba zote nilizozitaja. Karibu wanaume wote wa ProtecT walikuwa weupe, na ile ya Ulaya haikuwa mbali na hapo. Huko huko Uingereza, mwanamume mweusi mmoja kati ya wanne hugunduliwa na saratani hii maishani, dhidi ya mmoja kati ya wanane wa wanaume weupe, na mmoja kati ya 12 hufa nayo, dhidi ya mmoja kati ya 24. Marekani nako, wanaume weusi hufa kwa ugonjwa huu karibu mara mbili zaidi. Wanaume ambao baba au ndugu zao wa tumbo moja waliugua, na wenye hitilafu ya jeni ya BRCA2, nao wako kwenye hatari kubwa kuliko wengine. Makundi haya ndiyo yaliyohitaji majibu zaidi, na ndiyo yaliyoulizwa kidogo. Ndiyo maana miongozo mingi huwashauri waanze mazungumzo na daktari mapema, kwenye miaka 40 na kitu, ingawa hakuna jaribio kubwa lililowahi kufanywa juu yao peke yao.

Uingereza sasa imeanzisha utafiti uitwao TRANSFORM, unaolenga kufikia wanaume 300,000 na kulinganisha njia mpya za uchunguzi, zikiwemo MRI na vipimo vya vinasaba. Watafiti wamejiwekea sharti kwamba angalau mmoja kati ya kila kumi wanaoalikwa awe mweusi, na kwamba wanaume weusi waalikwe kuanzia miaka 45 badala ya 50. Barua za mwaliko zimeshaanza kutumwa.